Gemu ya Ndoo

Bawaba imelegea, nimeifunga kwa plasta ya kidonda.
Betri yake ya kwanza ilivimba kama andazi,
nikaipachika ya simu ya tochi, inashika dakika arobaini.
Katikati ya kioo umekufa mstari mmoja:
kila anayepita pale hukatwa kichwa,
akivuka, anarudishiwa.

Kaka aliinunua msimu ule korosho ilipopanda,
malipo ya pili, Newala, dukani kwa Bakili Nantumbo,
pamoja na kaseti saba kwenye mfuko wa rambo.
Tatu za ngumi na mpira.
Nne, alisema muuzaji, ni nyongeza.

Nyongeza. Kama vitunguu viwili vilivyoanza kuota,
unatupiwa juu ya fungu ili uondoke.

Mkalaita akafungua biashara barazani:
shilingi mia, dakika kumi, saa ya ukutani ndiyo refa.
Watoto wa Luchingu wakaja na sarafu zinazonuka mabibo,
wakapigana, wakafunga magoli, wakagombea zamu hadi magharibi.
Mimi nilikuwa mshika hela. Ujira wangu
ulikuwa kucheza zile ambazo hakuna aliyezilipia.

Moja ya treni isiyogonga kitu.
Unasimama stesheni, wanapanda, wanashuka,
bwana mmoja kila siku anasahau kofia. Basi.
Ukimrudishia mara ishirini, anakutajia jina lake.

Moja ya fundi saa, maandishi yake yote vijiti na vibanda,
sikuielewa hata siku moja, wala sikuichoka.

Moja ilikuwa mbovu kweli. Tusidanganyane,
si kila kinachodharauliwa ni lulu.

Na ile ya ndoo.
Mwanamke, kilima, ndoo kichwani.
Ukikimbia, yanamwagika. Ukisimama sana, jua linayanywa.
Hakuna adui. Hakuna muziki, ila kata ikigonga ndoo.
Mwanaidi wa Chikwaya aliishika dakika mbili, akanirudishia:
"Hii si gemu, shoga. Hii ni Jumamosi."
Tukacheka wote, maana ni Newala,
bomba likikauka wiki nzima
tunanunua maji kwa ndoo, tunaoga kwa kikombe.
Nani atoe shilingi mia akateke maji ya uongo?

Mimi niliteka. Nikajifunza mle
kwamba kuna mwendo, si wa haraka, si wa pole,
ambao maji hutulia nao
kama mtoto mgongoni mwa mtu anayemjua.
Nikautumia kwenye njia ya kweli, ile ya kutoka bondeni,
na mama akasema, "Siku hizi ndoo yako inafika imejaa."
Sikumtajia mwalimu wangu.

Miaka kumi na tisa. Nina kibanda Masasi sasa,
nauza vocha, nabadilisha vioo vya simu.
Umeme ukikatika naitoa kwenye mtoto wa meza.
Jana kidole kikateleza mahali sikuwahi kufika:
orodha ya waliohifadhiwa.

SOMOE, ndoo mia mbili na nne.
Juu yangu, herufi tatu, MKA.
Ndoo mia tatu na kumi na moja.

Mkalaita! Aliyeziita takataka za Somoe,
aliyenihamishia uani wateja wasije wakacheka.
Lini? Usiku, bila shaka, sauti ameizima,
shuka hadi utosini, mwanamume na ndoo yake.

Nikampigia. Yuko Pemba ya Msumbiji, anauza madera.
"Betri imekosea," akasema. "Vitu vya zamani vinachanganya."
Kimya. Nasikia soko nyuma yake,
mtu anataja bei kwa Kireno.
Halafu, kwa sauti ya anayeuliza nguo asiyoitaka:
"Hivi pale juu, kwenye lile jiwe la pili,
wewe ulikuwa unapita wapi?"

Kushoto, nikamwambia.
Kulia kuna utelezi.